Wanawake wa Ireland waliopelekwa Australia kama wafungwa

Swali: Ndugu zangu, je, wanawake hao walikuwa wahalifu sugu, au umaskini ndio uliowaponza?

Jibu la kwanza: Wengi walihukumiwa kwa wizi mdogo wa nguo au chakula, na kifungo cha miaka 7 kilikuwa cha kawaida. Katika njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, viazi vilipooza mashambani, wapo waliochoma majengo kwa makusudi ili wavushwe bahari, maana ng'ambo angalau wangekula.

Jibu la pili: Naongezea kidogo. Kuanzia 1836 walikusanywa Grangegorman, Dublin, gereza la wanawake peke yao, wakisubiri meli. Huko Hobart, mji wa Australia, katika gereza la Cascades lililofunguliwa 1828, waliowekwa daraja la chini kabisa walivaa nguo zenye herufi C kubwa ya manjano mgongoni, kwenye mkono wa koti na nyuma ya sketi, nao walifua nguo. Watoto wao waliachishwa ziwa, kisha wakapelekwa kwenye nyumba ya yatima ilhali mama zao wangali hai. Mimi hilo linaniuma kuliko ile herufi.

Mwuliza swali: Ahsanteni. Waliomaliza kifungo waliruhusiwa kurudi kwao?

Jibu la pili: Waliruhusiwa, ila nauli ilikuwa juu yao wenyewe, hivyo wengi waliolewa na kubaki hukohuko.