Gari likiwa kwenye chaji, nani amlipe mwenzake?

Mwana Kampemba: Watu wanasema magari ya umeme yatamaliza huu umeme kidogo wa Lubumbashi. Nakataa. Umeme wetu hupiga mara 50 kwa sekunde. Mzigo ukizidi, mapigo yanapungua, na chaja inaweza kuhisi hilo ikapunguza inachovuta papo hapo. Kule Frederiksberg, Denmark, kuanzia 2016 vani za Nissan zililipwa kwa kazi hiyo zikiwa zimeegeshwa tu. Hapa nasi wenye magari wapewe bei nafuu ya usiku. Wasiotaka umeme utulie ni wenye jenereta.

Fundi wa Katuba: Wenye jenereta? Mimi nachomelea milango. Jana umeme uliondoka nikiwa kwenye bawaba ya kwanza, ya pili nikaimalizia kwa petroli ya kununua kwa chupa. Nani anapenda hayo? Uniombe radhi.

Mwana Kampemba: Sikukutaja wewe, kaka. Nasema wanaouzia mtaa mzima.

Fundi wa Katuba: Hao ndio wanaookoa samaki wa mama zetu kwenye friji! Omba radhi.

Mama wa Mashine: Wanangu, nina mashine ya mahindi. Saa moja jioni balbu inakuwa nyekundu kama kaa la makala, mota inanguruma haizunguki, na watu wamepanga ndoo wanangoja unga wa bukari, ugali wetu. Mnataka mwenye gari alipwe kwa kuacha kuvuta umeme? Mimi naachishwa kila siku. Nani amenilipa?

Mwanafunzi wa Umeme: Mama amegusa penyewe. Denmark kuna anayenunua huo utulivu, na hata huko magari yakizidi malipo hushuka, maana kinachohitajika si kingi. Kupunguza chaji hakuichoshi betri, kurudisha umeme wa betri kwenye gridi, yaani mtandao wa nyaya za umeme, huichosha. Ila sisi hatupungukiwi sekunde, tunapungukiwa saa nzima. Delestaji, huku kukatiwa umeme kwa zamu, ikizima kabine ya mtaa yenye transfoma, gari litasaidia gridi gani?

Papa wa Ruashi: Na kobalti, madini ya betri yanayochimbwa kwetu? Waya wa umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, wa 1982, karibu kilomita 1,700, ulipita juu ya vijiji visivyo na taa ukalishe migodi. Gari litembee Ulaya kwa madini yetu, halafu tuligombee hapa?

Mwanafunzi wa Umeme: Papa, betri za chuma na fosfeti hazina kobalti hata gramu moja.

Papa wa Ruashi: Basi ndiyo mbaya zaidi. Tutabaki na mashimo.

Mwana Kampemba: Fundi, radhi, nilikosea kuwaweka wote kapu moja. Mama, bei nafuu ya usiku wapewe na wenye mashine, si magari peke yake.

Mama wa Mashine: Asante, mwanangu. Lakini wanaoniletea mahindi ni watoto. Saa nane za usiku niwaite watoke na ndoo kichwani?