Mbwa wangu mzee kaamka hawezi kusimama

Wakuu, Popo ana miaka 13, tuko naye tangu tunahamia Segerea. Juzi usiku kala ugali na dagaa vizuri tu. Alfajiri namkuta getini kaanguka, kichwa kimepinda kushoto, macho yanachezacheza, akijaribu kusimama anapepesuka kama mlevi. Katapika mara 2. Jirani anasema kalishwa sumu, fundi wa geti anasema mkono wa mtu (huyo kila kitu kwake ni mkono wa mtu). Mama hataki kusikia habari ya sindano ya kumpumzisha. Nimpe panadol?

Kigamboni_Feri: Panadol usithubutu, na diklofenaki ndiyo kabisa. Wangu alianza hivyo hivyo akiwa na miaka 14, nikaanza hadi kutafuta pa kumzika. Daktari wa mifugo akasema ni sikio la ndani, linalobeba mizani ya mwili. Mbwa wazee huwapata ghafla. Siku 3 za kwanza mbaya, wiki ya 2 anatembea. Kichwa kilibaki upande mpaka mwisho wake. Mwondoe kwenye vigae, mtandikie mkeka. Ila daktari amwone leo, sumu nayo ipo.

BintiWaMbagala: Tazama na fizi. Zikiwa nyeupe, fikiria ugonjwa wa kupe, apimwe damu.

Mwenye mada: Daktari kaja. Fizi ziko sawa, kasema sikio. Kachoma sindano ya kuzuia kutapika. Saa hizi kalala mkekani, Mama anamlisha mchuzi kwa kijiko. Mimi sijapewa chai.