Mrejesho: ile @Autowired iliyokuwa inaleta null

Wakuu habari zenu, nimerudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini kwenye Spring Boot (mfumo wa kutengenezea programu za Java) repozitori, yaani sehemu inayoongea na hifadhidata, niliyoiwekea @Autowired (alama ya kuiambia Spring iijaze yenyewe) inatoka null, yaani tupu, kila nikituma oda. Aliyesema niangalie kama nimetumia new (neno la Java la kuunda kitu mwenyewe) alipatia kabisa, kwenye kontrola, yaani sehemu inayopokea maombi, nilikuwa nimeandika new OdaService() kwa mkono wangu, sasa Spring haikiundi kitu hicho yenyewe itakijazaje? Nimeitoa hiyo, nikapitisha vyote kwenye konstrakta (sehemu ya klasi inayopokea vitu inavyohitaji wakati inaundwa) kama mlivyoshauri, null imeisha. Ila hapo likaibuka jingine, OdaService inamtaka MalipoService na MalipoService naye anamtaka OdaService, na mzunguko kama huo ukipitia konstrakta programu inagoma kuwaka. Nimeweka @Lazy (alama ya kuiambia Spring isubiri kuunda kitu hadi kihitajike) imewaka, kuzitenganisha service hizo mbili bado sijaweza. Asanteni sana jamani, nilikaa nalo siku tatu.