Wakuu naombeni msaada, jedwali la elementi linanigeukia kichwani

BintiRangiTatu
Habari za humu ndugu zangu. Nauza kwenye duka la dawa Mbagala, narudia kemia kama mtahiniwa wa kujitegemea, nilipata F na chuo cha utabibu wanataka angalau D. Shuleni tulichorewa mishale tu ubaoni, huku inaongezeka huku inapungua, tukakariri, sasa nikikaa kwenye mtihani mishale inageuka. Jana tuisheni nimeandika atomu ya klorini ni kubwa kuliko ya sodiamu maana ina elektroni 17 na sodiamu 11, nikapigwa kosa na sikuambiwa kwa nini. Afu metali za kundi la kwanza ukishuka zinazidi ukali, halojeni (kundi la klorini na iodini) ukishuka zinapoa, wakati jedwali ni hilohilo. Nimebakiza miezi miwili, nisaidieni.

Msafiri_TZ
Dada muda hamna, kariri mishale uchukue D yako usonge mbele, mimi nilipita hivyohivyo.

MamaWawili
Hapana, kukariri ndo kulikomwangusha. Mdogo wangu, chukulia mama yupo Kariakoo kesho yake Idi, watoto wamemzunguka kwa safu, wa ndani kawashika mwenyewe, wa safu ya nje wanahisi mkono wake kwa mbali tu maana wenzao wamekaa katikati. Mama ndo kiini chenye protoni, watoto elektroni, safu ndo sheli. Kutoka sodiamu mpaka klorini safu ni zilezile tatu ila protoni zinapanda kutoka 11 hadi 17, mama anazidi nguvu na safu haijaongezeka, basi anawavuta wote karibu. Ndo maana nusu kipenyo cha sodiamu ni pikomita 186 na klorini 99 (pikomita ni kipimo kidogo mno, cha kupimia atomu). Ukishuka kundi, kila mstari unaongeza safu: lithiamu 152, sodiamu 186, potasiamu 227.

Kuhusu ukali, jiulize kwanza elementi inafanya kazi gani. Metali inatoa elektroni, na mtoto wa mbali ndo anaponyoka kirahisi, potasiamu ukiitupia maji inawaka mwali wa zambarau. Halojeni inanyakua, na kunyakua kunataka mvuto ufike nje, iodini safu zake nyingi mvuto unafika umechoka. Klorini ukiipitisha kwenye maji yenye potasiamu iodaidi inanyang'anya elektroni na maji yanageuka kahawia, hiyo ni iodini imefukuzwa, ileile ya vidonda hapo dukani kwako. Usijaribu dukani lakini, klorini ni sumu.

FundiRedio
Mama kamaliza. Niongeze kwamba jedwali lenyewe lilitengenezwa kwa kufikiri, si kwa kukariri. Mendeleev, yule Mrusi, aliacha nafasi chini ya alumini akasema itakuja elementi yenye densiti kama 5.9, yaani gramu kwa kila sentimita ya ujazo. Mwaka 1875 galiamu ikapatikana Ufaransa, aliyeigundua akapima akapata 4.7, Mendeleev ambaye hajawahi hata kuiona akamwambia isafishe upime tena, ikatoka 5.9. Mimi hii habari ndo ilinifanya nipende kemia.
Ila ujue kuna mabonde, mahali namba inashuka badala ya kupanda. Nishati ya kung'oa elektroni ya kwanza: sodiamu 496, magnesiamu 738, alumini inashuka 578, kilojuli kwa moli. Elektroni ya mwisho ya alumini imekaa ngazi ya juu kidogo, inatoka kirahisi. Hiyo ni ya kidato cha tano, usiumize kichwa sasa hivi.

BintiRangiTatu
Asanteni sana jamani, kumbe ni mvuto na umbali tu! Nijaribu: potasiamu na kalsiamu wako mstari mmoja, kalsiamu ana protoni moja zaidi, kwa hiyo kalsiamu ndogo?

MamaWawili
Ndiyo mwanangu, 227 kwa 197. Haya, klorini ikipokea elektroni ikawa kloraidi, inakua au inasinyaa?

BintiRangiTatu
Nimelala naiwaza hiyo. Inakua, maana protoni bado 17 na watoto wamekuwa 18, mama yuleyule na watoto wanasukumana zaidi.

MamaWawili
Kutoka 99 mpaka 181. Kesho nakuletea magnesiamu na ayoni yake, yaani ikishatoa elektroni zake, uje na daftari.