Naomba ushauri: kuandika hatua za kukua kiroho, ni shukrani au ni kujikweza?

MamaKibirizi (Kigoma)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Nipo Kigoma mjini, nauza dagaa pale mwaloni Kibirizi. Nimeokoka muda sasa, na nipo kwenye kikundi cha akina mama kanisani kwetu. Mwaka huu kiongozi wetu, mama ninayemheshimu sana, ameleta utaratibu kwamba kila mmoja awe na daftari la hatua za kiroho. Limechorwa safu kabisa: siku uliyookoka, siku uliyobatizwa kwa maji mengi, siku uliyojazwa Roho Mtakatifu, mifungo uliyoimaliza, watu uliowaleta kwa Yesu, Biblia umeimaliza mara ngapi. Desemba tutasomeana mbele ya wote, na mwenye hatua nyingi atapewa doti ya kitenge.

Kuandika nakupenda. Aliyonitendea Mungu ni mengi na mengine yameanza kunitoka kichwani. Ila hiyo zawadi inaninyima amani. Mume wangu anataka nijitoe, anasema tunashindanisha utakatifu. Halafu kuna bibi mmoja mjane kikundini, hajui kusoma wala kuandika. Tulipogawiwa madaftari alilishika lake akanigeukia: "Mwanangu, mimi humu nitajaza nini?" Huyo ndiye aliyenifundisha kuomba.

Nijitoe? Nijaze tu nikae kimya? Au nimwendee kiongozi, na nikimwendea nimwambieje? Na kukua kiroho hasa kunajulikana kwa nini?

Msafiri wa Uvinza

Mumeo yuko sahihi. Soma Luka 18. Farisayo alisimama akahesabu: nafunga mara mbili kwa juma, natoa zaka. Hilo ndilo daftari lenu, na safu zake zote. Aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki ni yule mtoza ushuru. Jitoe.

Mwalimu wa Ipuli (Tabora)

Shalom dada. Ndugu yangu Msafiri ameharakisha. Farisayo hakuhukumiwa kwa kukumbuka, alihukumiwa kwa kumtazama mtoza ushuru na kujiona bora. Kukumbuka kwenyewe tumeagizwa. Yoshua 4, yalitolewa mawe 12 katikati ya Yordani ili watoto wakiuliza siku za mbele, wasimuliwe. Samweli naye alisimamisha jiwe akaliita Ebenezeri: "Hata sasa BWANA ametusaidia." Hakusema tumepiga hatua ngapi.

Mimi ni Mmoravian, kanisa ambalo mwaka 1898 lilipokea kazi ya Urambo kutoka kwa wamisionari wa London Missionary Society. Wazee wetu wa Herrnhut kule Ujerumani walikuwa na desturi ambayo natamani ingerudi kwa nguvu: Mkristo aliandika safari yake na Mungu, na ikasomwa siku anazikwa. Hapo huwezi kujivuna, maana haupo. Waliandika mashaka yao, hasira zao, miaka waliyopoa, na jinsi Bwana alivyowavumilia. Sisi leo msibani tunasoma wasifu wa marehemu: kazaliwa, kasoma, kaajiriwa, kaacha watoto. Habari za roho yake tunazipitia kwa sentensi moja.

Jambo jingine. Tarehe kubwa kwetu ni 13 Agosti 1727. Watu wa Herrnhut walikuwa wamegawanyika vibaya, wakapatanishwa kwenye Meza ya Bwana katika kanisa la Berthelsdorf. Kwenye safu za daftari lenu sijaona pa kuandika "nilipatana na fulani". Wala sijaona pa kuandika "nilisamehe". Mimi hilo ndilo ningemuuliza kiongozi wenu kwanza, hata kabla ya kitenge.

Katekista Mstaafu, Kasulu

Bwana asifiwe mwanangu. Nimelelewa katika ushirika wa Uamsho, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukasambaa Afrika Mashariki yote. Tulikuwa tunakaa chini pamoja na kila mtu anasema Yesu amemfanyia nini wiki hiyo. Ukianza kusimulia ulivyookoka zamani, mzee mmoja atakuuliza kwa upendo: "Na leo je?"

Alama zetu zilionekana kwa macho. Mtu ameokoka, kesho yake anarudisha jembe la jirani alilokaa nalo. Mume anamwomba mke wake radhi mbele ya watoto, jambo ambalo kwa sisi Waha wa wakati ule halikuwa dogo. Kwa hiyo unapouliza kukua kunajulikana kwa nini, waulize wanaokaa na wewe. Mumeo, watoto, msichana wa kazi kama unaye, anayekudai. Tunda la Roho katika Wagalatia 5 ni upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole, kiasi. Hakuna hata moja hapo unaloweza kulionyesha ukiwa peke yako chumbani.

Kujitoa sikushauri. Ukitoka, yule bibi atabaki na nani?

Teresia wa Cheyo

Mimi Mkatoliki, nipo Tabora. Kwetu hatua zinajulikana: ubatizo, komunyo ya kwanza, kipaimara, na kuendelea. Kila Mkesha wa Pasaka tunawasha mishumaa na kurudia ahadi za ubatizo, profesa na muuza mchicha kwa maneno yaleyale. Hakuna anayetoka pale na zawadi. Hilo tu ndilo nilitaka kuchangia.

MamaKibirizi (Kigoma)

Asanteni sana. Mwalimu, Katekista, mmenigusa.

Nieleze kitu kimoja. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, hakuna kuvua. Mwenye dagaa wa akiba aliuza kwa bei ya juu. Na hapo ndipo nikaona sado nyingi, yale makopo ya kupimia, zimegongwa kitako kikaingia ndani: mnunuzi anaona imejaa mpaka juu, kumbe chini pameinuka, dagaa pungufu. Kijana mmoja alikuja na nyundo akaniambia, "Mama, lete na yako, dakika moja tu." Nyumbani ada ya shule ilikuwa inadaiwa. Nikamwambia hapana. Sikusikia sauti wala sikutetemeka, nilijikuta tu sitaki, na zamani ningetaka. Miezi hiyo yule bibi alikuwa akituletea unga wa muhogo bila kuombwa.

Kwangu hiyo ni hatua kubwa kuliko mfungo wowote. Ila daftarini haina safu.

Katekista Mstaafu, Kasulu

Iandike hiyo. Na unga wa bibi uandike. Huyo bibi usimwache na daftari tupu, kaa naye jioni, yeye asimulie na wewe uandike kwa maneno yake, usimrekebishe.

Kwa kiongozi nenda nyumbani kwake, usilizungumze kikaoni. Mshukuru kwanza kwa wazo, maana ni jema kweli na limetoka kwa mtu anayewapenda. Kisha mwombe mawili. Kitenge kiondolewe, au kinunuliwe kwa mchango na apewe mgonjwa au mzazi aliyejifungua. Na Desemba kila mmoja asimame aseme neema aliyoiona kwa mwenzake. Ya kwake mwenyewe abaki nayo na Bwana, au amsomee mtu mmoja anayemwamini.

Msafiri wa Uvinza

Hapo kwenye kusemea ya mwenzako nakubali. Nafuta "jitoe".

MamaKibirizi (Kigoma)

Kiongozi nimemwomba nafasi, amesema nije Alhamisi baada ya soko. Mume wangu nimemsomea majibu yenu, ameomba anisindikize. Mtuombee. Kwa bibi naanza leo jioni, daftari lake lipo kwangu.