Mrejesho: uwanja, magoti na kumuuguza mzee

Wapendwa, niliuliza nifanyeje: magoti yananiuma, presha inapanda, mzee wangu yuko kitandani hapa nyumbani kwa kiharusi, na uwanja wetu hapa Kimara umejaa majani ya mwembe. Ahsanteni sana kwa ushauri.

Nimempata kijana wa kufyeka na kuzibua mtaro kabla ya masika. Maji yakituama mbu wanazaliana, na mgonjwa hawezi hata kujipunga. Mimi nafagia mlangoni tu, kwa fagio la mpini mrefu, jua halijawa kali.

Kazi kubwa ni kumgeuza mzee kila baada ya saa 2 asipate vidonda. Usiku sasa ni zamu ya mwanangu wa kiume, nalala, jamani! Wifi anasema uwanja unatia aibu. Mgonjwa kwanza. Kesho fundi anakuja kuondoa ngazi ya mlangoni, kiti cha magurudumu kipite.