Nani anaongeza sw_UG (Kiswahili cha Uganda) kwenye skripti ya Debian?

Mama Neema, Ntinda:
Ndugu zangu, poleni na mvua. Jana nimepeleka ankara tatu ofisi moja hapa Kampala, ziingie kwenye faili la kibali pamoja na TIN na barua ya LC1 (baraza la mtaa). Binti wa kaunta akaweka kidole kwenye jumla: TSh 1,850,000, alama ya shilingi za Tanzania. "Hii pesa ya wapi, madam?" Faili likarudi. Kompyuta ya duka, yenye mfumo wa Debian, niliiwekea Kiswahili mwenyewe. Ukifungua dpkg-reconfigure locales, skripti ya kuchagua lugha na nchi, Kiswahili kina sw_KE (Kenya) na sw_TZ (Tanzania), basi. Ombi la kuongezewa sw_UG linaandikwa kwa nani, na wanataka vielelezo gani?

Fundi, Kabalagala:
Shikamoo mama. Usiombe mtu. LANG, yaani lugha, iache sw_TZ, kisha upande wa pesa weka LC_MONETARY=lg_UG.UTF-8, ile ya Kiganda. Mimi karani aliniuliza kama TSh ni shilingi za taksi. Siku tatu nazunguka na bahasha.

Mzee wa Bukoba:
Fundi, usikimbize watu. lg_UG lazima iwekewe tiki kwanza kwenye orodha ya skripti, la sivyo ni bure. Na skripti haina kosa, yenyewe inasoma tu /usr/share/i18n/SUPPORTED. Lawama ziende glibc, maktaba ya mfumo inakotoka orodha hiyo. CLDR ya Unicode, hazina nyingine ya data za lugha, sw_UG wanayo.

Fundi, Kabalagala:
Mzee, kutiki nilidhani kila mtu anajua.

Baba Pacha, Kireka:
LC ninayoijua mimi ni LC1, na mwenyekiti wangu kila barua anadai "ya wino". Katiba ya hapa Uganda imerekebishwa 2005, Kiswahili lugha rasmi ya pili. 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari. Hadi leo nikimwambia konda "samahani, shusha", abiria wananigeukia kama nimevaa magwanda ya jeshi.

Mzee wa Bukoba:
Wape muda. Ninachoshindwa kuwasamehe ni senene. Wanazijaza vitunguu mpaka huli senene tena, unakula kachumbari. Marehemu mama alizikaanga kwa chumvi tu, sufuria imefunikwa nusu.

Mama Neema, Ntinda:
Marahaba, Fundi. Nimetiki, TSh imeondoka. Lakini sw_UG bado hakuna. Hao glibc nawaandikia wapi, kwa Kiingereza au?

Baba Pacha, Kireka:
Nani anashuka mpakani Mutukula Ijumaa? Naomba dagaa kilo mbili, wale wakavu, wasio na mchanga.